Kontena la Majibu

Alhamisi. Jua la Katoro leo limechoma mpaka mbwa wamehamia chini ya magari, na vumbi la makarasha ya kusaga mawe limeingia hadi kwenye sahani. Mimi, tangu asubuhi, nilikuwa na furaha mbaya.

Ule mtambo wa kuchenjua dhahabu nje ya mji, mfumo wake wa kompyuta niliujenga mimi. Mzee Bundala, mwenye mtambo, hakutaka majibu ya sampuli za watu, jiwe la nani lina dhahabu kiasi gani, yakae kwenye kompyuta za wageni huko ng'ambo. Kwa hiyo nikaweka seva pale pale, kwenye chumba nyuma ya mizani, na ndani yake nikapanga kila programu kwenye kontena lake, kama wapangaji wa nyumba moja, kila mtu na chumba chake. Kontena la foleni ya mawe. Kontena la kamera. Kontena la kutuma majibu kwenye simu za wachimbaji. Yote unayasimamia kwenye ukurasa mmoja wa mtandaoni. Taa ya kijani, linafanya kazi. Nyekundu, limezimwa. Unabonyeza linalala, unabonyeza linaamka.

Deus nilimleta mimi. Tulisoma wote chuo, akarudi kwao Kishapu akakaa bila kazi, nikamwombea kwa mzee. Nikamfundisha ukurasa ule kitufe kwa kitufe. Halafu akaenda kumnong'oneza mzee kwamba nawapa wanunuzi majibu ya watu kabla wenyewe hawajayaona. Mzee hakuniuliza hata neno. Nilifika asubuhi nikakuta kiti changu kimekaliwa, na mkaliaji anatabasamu.

Sijasamehe. Sitadanganya hapa.

Deus alimwambia mzee amebadilisha nywila zote. Alibadilisha moja. Kuna akaunti ya pili, niliyoipa jina la Fundi, ambayo hakuigusa, kwa sababu siku naionyesha yeye alikuwa anachati. Basi nikawa nakaa dukani kwa dada yangu, katikati ya majora ya vitenge, nafungua ukurasa kwenye simu, nachungulia kwenye kamera. Deus akisimama mbele ya wageni na shati lake jeupe, mkono mmoja mfukoni, nazima kontena la majibu. Wachimbaji wanamzunguka, anatoka jasho, anakimbilia chumbani. Akigusa tu waya, nawasha. Anatoka kifua mbele kama katengeneza yeye. Nazima tena.

Dada akiniuliza nacheka nini, nasema ni vichekesho vya mtandaoni.

Leo asubuhi mzee kaleta mganga. Nimemwona kwenye kamera akizunguka chumba cha seva na usinga wake, akinyunyiza dawa ya maji juu ya kompyuta ya watu, na Deus, msomi mwenzangu, ameshika bakuli. Nilicheka hadi nikashika kaunta. Kamera zile hazina sauti. Nilimwona mganga anasimama mlangoni, ananyoosha usinga kuelekea getini, na watu wote wanageuka kutazama. Nikadhani ndiyo maonyesho yenyewe.

Getini kuna nini? Nilipaswa kujiuliza.

Jioni, jua likiwa bado lipo, Mama Shija amekuja nyumbani na masufuria yake kichwani. Huyu ndiye mama ntilie wa pale getini. Siku nilizokuwa nashinda na njaa ili seva isilale, ndiye aliyekuwa akinifunikia wali maharage bila kuombwa. Nikamwamkia, akaitikia kwa sauti ndogo, akakaa kwenye mkeka.

"Wamenifukuza, ng'wana wane, mwanangu," akasema. "Eti mashine inakufa kwa ajili yangu. Wanasema niangaliwe macho."

Macho yake ni mekundu. Ni ya kuni, ni ya moshi. Lakini hapa kwetu kila mtu anajua mama mzee mwenye macho mekundu akishanyooshewa kidole cha uchawi, mambo huwa hayaishii getini.

"Wewe unaijua ile mashine," akaendelea. "Nenda ukawaambie huwa inaharibika yenyewe. Wewe watakusikia."

Simu yangu ilikuwa mkononi. Taa ya kontena la majibu ilikuwa nyekundu.

Nimemwambia alale kwangu. Hajakataa, na hilo limenitisha kuliko maneno yake.

Nimeshawasha kila kitu. Ningeweza kuishia hapo: mashine ipone, watu wasahau. Lakini najua watasemaje. Watasema imepona kwa sababu yeye kaondoka.

Kwa hiyo kesho mchana, wakati wa chakula, foleni ikiwa imejaa, naingia mtamboni. Nitasimama mbele ya Mzee Bundala na wachimbaji wote, nitoe simu, nizime kontena la majibu, niwashe, nizime tena, mpaka asiyejua kusoma aelewe kwamba mchawi ni mimi na kidole changu. Najua hakuna atakayenipa tena kompyuta yake mji huu. Huenda wakaniitia polisi. Wala sijifanyi nimekuwa malaika, maana nataka pia nimwone Deus wakati mzee anamgeukia kumuuliza zile nywila alizobadilisha ni zipi. Hilo silitoi moyoni. Nitalitazama mpaka nishibe.

Naliweka hili kwenye blogu sasa hivi, kabla woga haujanishauri.

Na Mama Shija nimemwomba kitu kimoja, akanitazama sana kabla ya kukubali. Kesho twende wote, na masufuria yake. Nikishamaliza kusema, polisi waje kama wanakuja, nitakaa pale getini, ambapo kila mtu ananiona, nile chakula cha mkono wake.