Sura ya Mwamini kabla ya kisu

Jumatatu, 9 Juni
Nimekaa kimya muda mrefu. Naiomba radhi karatasi hii. Sikuwa na jambo jema la kuiandikia.

Leo nimepangusa lenzi. Ndani ya kamera imebaki nafasi ya picha mbili tu, na hapa Kamembe filamu haipatikani tena.

Uvimbe wa mke wangu, Mwamini, umefika chini ya sikio. Daktari anataka kuukata pamoja na mfupa wa taya. Asipokatwa, atakufa. Akikatwa, sura hii haitarudi. Hajakubali.

Akaniambia, "Papa Saidi, unifanye foto mbele banikate."

Nikamsahihisha: "Kabla hawajanikata." Maisha yangu yote nilifundisha sarufi shuleni na kupiga picha studioni; mdomo wangu hutangulia fikra. Akacheka upande mmoja. Kupigwa kwa simu ya binti yetu hataki: "Telefone inanipaka poda."

Jumanne, 10 Juni
Nilimketisha dirishani. Nyuma yake Ziwa Kivu liliwaka kama bati. Katika mwanga wa namna hiyo kipimo cha mwanga husoma ziwa, hakimsomi mtu. Desturi yangu ni kupima mwanga kwenye kiganja changu karibu na uso, kisha kufungua lenzi zaidi ili uso uonekane. Leo sikufungua. Nilifunga, ili giza limeze shavu na uvimbe. Nikapiga.

Nilisahau kwamba alikaa nami studio miaka mingi. Anaijua milio ya pete ya lenzi.

"Umefunga! Nimesikia. Sasa unasahihisha mpaka shavu langu? Batoto banijue hivi nilivyo."

Aibu. Sikuligusa neno lake.

Jumatano, 11 Juni
Mahali pale pale. Nilipima kiganja, nikafungua. Pete ililia, akaitikia kwa kichwa. Niliegemeza kamera kwenye kiti, nikapiga. Picha ya mwisho.

Ijumaa, 13 Juni
Nimesafisha filamu na kuchapa picha zote mbili. Picha ya kwanza: dirisha, na mbele yake kitu cheusi. Si mtu. Ningemzika kabla ya wakati.

Ya pili ni Mwamini. Macho, kovu la nyusi, uvimbe wote. Ziwa limeungua, jeupe tupu. Na liungue.

Aliitazama sana. Ameiegemeza kwenye kikombe cha chai, amelala akiielekea, kwa upande wa shavu zima.

Daktari anangoja jibu. Simuulizi. Akiamua, nitaliandika hapa neno lake kama atakavyolitamka. Sitalisahihisha.