Medali Nzima za Ukuta wa Baa

Via dei Lanaioli 7,
Castelvieri,
Italia.
9 Juni, 1987.

Mpendwa binamu Delmo,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi, wewe, Nélida na watoto. Hali zenu huko Rosario? Mgongo wako umepata nafuu? Sisi hatujambo kiasi. Mama, shangazi yako Argene, ametimiza miaka themanini na tatu. Anakula vizuri na kugomba vizuri, ila macho yanamwacha. Sasa ananitambua kwa sauti.

Kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi, na hapa mjini sina wa kumwambia kwa sababu wote walipiga makofi.

Ile hospitali ya zamani imefunguliwa kuwa hoteli. Baraza la matao tisa, ambalo wafumaji wa sufu walilijenga kwa sadaka zao miaka mia tano iliyopita, limejaa meza na miavuli. Vile visanamu vya vitoto vya udongo, vya buluu na nyeupe, juu ya nguzo vimemulikwa taa za waridi. Wodi ndefu, ambayo vitanda vyake vilielekezwa madhabahuni ili wagonjwa waone misa wakiwa wamelala, sasa ni baa, na chupa zimepangwa juu ya madhabahu yenyewe. Hata lile pipa la kuzunguka ukutani, ambamo akina mama waliwaweka watoto wao na kuondoka bila kuonekana, lilikuwa likizungushwa kutoa glasi za divai. Watu walicheka. Mimi sikuchukua glasi.

Unajua bibi yetu Serafina alipitia humo mwaka 1871, akiwa na nusu ya medali shingoni. Nusu ya pili alibaki nayo mama yake. Angerudi kumchukua, zingeunganishwa, na mtoto angekabidhiwa. Hakurudi. Bibi alikufa akiuliza kama mama yake alimtaka, na mama akalirithi swali. Zamani masista wa hospitali walimfungulia mama droo ya nusu zilizovuliwa watoto, akaishika ile ya bibi: Bikira mwenye mkono ulioinuliwa, na namba 412 imekwaruzwa chini yake.

Basi meneja, Bwana Corsani wa Milano, anayenuka marashi kama kinyozi, akatupeleka mimi na mama kwenye ukuta wa baa. Medali zote za droo zimebandikwa pale kwa gundi, na zote ni nzima. Nilisogea. Bikira wetu ameunganishwa na nusu ya mtakatifu mwenye ndevu, ya mtoto mwingine kabisa, na pengo limezibwa kwa plasta ya rangi ya shaba.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema bila haya kwamba nusu zilikuwa zinatia huzuni, kwa hiyo mpambaji alizioanisha kwa ukubwa.

"Nani atakaa anywe mbele ya vitu vilivyovunjika, mama?"

Nilitamani kumtemea mate, Delmo. Kila medali nzima pale ni mama aliyerudi, na hakuna hata mmoja aliyerudi.

Kabla sijafungua mdomo, mama alishainua mkono. Alipapasa namba kwa kidole, akaendelea taratibu, akazunguka duara lote.

"Fosca, mbona hii ni nzima? Alirudi?"

"Alirudi, mama."

"Sasa mbona hawakumpa mtoto wake?"

"Alichelewa. Walikuwa wameshampeleka kwa walezi shambani."

Alizungusha kidole tena juu ya medali.

"Kumbe alimtaka," akasema.

Tangu siku hiyo najichukia kuliko ninavyomchukia Corsani. Uongo wa mpambaji wake sasa ni wangu, na mama anaupeleka nyumba kwa nyumba, akiwashika majirani mikono. Jana nilimsikia akiimba jikoni. Sijui mara ya mwisho aliimba lini.

Ukipiga simu Jumapili atakueleza. Nakuomba umsikilize tu, usimuulize lolote.

Nisalimie Nélida, wabusu watoto, na mwambie dada yako Irma kitambaa chake kilifika. Mungu awafunike kwa rehema zake, awape afya na riziki.

Mjomba Ottorino, baba yako, naye ni mtoto wa Serafina, na akisikia atataka kujua kama ni kweli. Mjibu wewe. Mimi siwezi kulisema neno lile la 'alirudi' mara ya pili.

Ndimi binamu yako anayekupenda daima,
Fosca