Jino Nililolikimbia

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimekimbia. Naandika hapa kwa sababu kwingine sithubutu kusema.

Nilifika mwenyewe kwa daktari wa meno mjini Katesh, nikalala kwenye kile kiti, taa usoni, mdomo wazi. Daktari Konsolata akachungulia gego la kulia, akasema lina tundu lakini bado anaweza kuliziba. Nikichelewa ataling'oa. Sawa. Akachukua sindano ya ganzi. Akaniambia: tulia baba, dakika moja tu.

Hapo nikatoka mbio. Hayo ni maneno yangu! Kijiji chetu kizima cha Mogitu mimi ndiye wa kuhasi madume, na kila dume namwambia hivyo hivyo kabla sijabana koleo. Hata binti yangu Lucia anayajua, huwaambia ndama akicheza nao. Najua kinachofuata!

Nimemwambia mke wangu Rogathe kwamba umeme ulikatika.

Jumatano, 11 Juni

Rogathe kajua. Kakuta kitambaa cha daktari kwenye koti langu — kile wanachokufunga kifuani. Nilikimbia nacho hadi stendi! Kacheka mpaka kakaa juu ya mahindi. Majirani nao: mhasi madume kakimbia sindano. Jirani Sylvester kanionyesha koleo kwa mbali.

Wacheke tu. Jino leo limetulia. Karafuu na maji ya chumvi. Daktari wa nini?

Ijumaa, 13 Juni

Daktari wa jino! Sijalala. Uji tu, tena upande wa kushoto.

Nakumbuka Konsolata alivyosema: hii rangi ya kahawia ya meno ni ya maji yetu ya kisima, si uchafu, ila tundu ni jambo jingine. Mimi miaka yote nasema meno ya huku ni ya kahawia tu, mswaki utabadilisha nini? Nikawa napiga mswaki siku ya kanisa tu. Kumbe nyuma ya rangi jino linaoza taratibu.

Jumapili, 15 Juni

Leo sina utani. Baada ya kanisa Lucia kakataa nyama. Lucia, nyama! Rogathe kammulika kwa tochi ya simu: gego la nyuma, doa jeusi. Ana miaka minane na hilo ni jino la ukubwani, liking'oka halioti lingine. Tukamwambia Jumanne tunakwenda kwa daktari. Kaniangalia, kauliza: kama baba alikimbia, mimi nitaweza vipi?

Hakuna aliyecheka. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mtoto huyu sijamrithisha hata mbuzi, nimeshamrithisha woga. Akiliacha jino lioze, ni mimi.

Nimemwahidi nitatangulia mimi, yeye aangalie.

Jumatatu, 16 Juni

Balaa. Mashine ya kupukuchua mahindi inafika kwetu kesho, Rogathe hawezi kutoka. Atakayetusindikiza ni mama yake, kutoka Balangdalalu!

Mbele ya mama mkwe hata ugali sili, ndiyo heshima. Sasa nikamfunulie mdomo mpaka kooni? Nikipiga kelele je? Na yeye ni Mbarbaigi wa zamani. Meno mawili ya chini aling'olewa kimila akiwa msichana, bila ganzi, na kulia ilikuwa mwiko.

Kafika jioni. Shikamoo mama. Marahaba, baba Lucia, nasikia siku hizi una mbio nzuri.

Jumanne, 17 Juni

Katesh, kwenye benchi. Baridi, lakini natoka jasho. Naandika ili nisiinuke nikaondoka.

Lucia kamuuliza bibi yake kama ni kweli hakulia siku ile. Bibi kasema: mbele ya watu sikulia. Nililia nyuma ya zizi. Ingekuwepo hiyo ganzi ningeiomba, tena ningewashukuru. Lucia kafikiri. Kauliza kama ganzi inauma. Kama kuumwa na mbu mkubwa, kasema bibi, ingawa yeye hajawahi kuchomwa sindano hata moja!

Tumeitwa.

Niko kwenye kiti. Mama mkwe kavuta stuli, kakaa katikati ya mlango, fimbo mapajani, kageuza mgongo asinione nikifunua mdomo. Heshima imelindwa. Na njia imezibwa! Mjanja huyu mama.

Daktari Konsolata anavaa glavu. Kitambaa cha kifuani safari hii kakifunga mafundo mawili. Ameniambia mzee, weka kalamu. Nimeomba mstari mmoja tu.

Sindano hiyo. Nimeangalia mlango — umejaa mama mkwe. Lucia kanishika kidole gumba, kasogea sikioni kwangu: tulia baba, dakika moja tu.

Sawa, mwanangu. Nafunua mdomo —