Ni Choo, Mama, Si Madereva

Malaba

Mama yangu mpendwa,

Yoga, Mama, nakusalimu kwa Kiteso chetu. Je, kifua cha Papa kimetulia? Ng'ombe ameshazaa? Mimi nimepona. Najua Shangazi alikufikia na habari kabla yangu, lakini umeagiza nirudi nyumbani bila hata kuniuliza!

Ni kweli niliugua. Mkojo ulichoma kama pilipili, na chini ya kitovu kuliuma. Lakini sikiliza. Hoteli ninayofanyia kazi haina choo. Tunatumia cha loji ya jirani, nyuma ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, na ufunguo unakaa na soja, mlinzi wa pale. Ukiuomba anapaza sauti, "Sista, wapi tena?" na madereva wote kwenye foleni wanacheka. Wasichana wenzangu wakanifundisha ujanja wao: usinywe maji mpaka jioni. Kutwa nzima nawamiminia watu chai, mimi nimekauka na nimebana mkojo. Ulipoanza kuchoma, wakasema nijioshe kwa sabuni na dawa ya kuua viini. Hali ikazidi.

Mama Stella, mwajiri wetu, akatangaza mbele ya wateja, "Huyu ameshaonja madereva!" Shangazi alikuwa pale anakula chapati. Mengine unayajua.

Nilienda hospitali peke yangu. Daktari alipima mkojo, akaniuliza, "Maji unakunywa?" Nikasema jioni tu. "Unabana?" Nikasema kutwa nzima. Akasema mkojo ukikaa sana, viini vinazaana humo. Ile sabuni nayo inachubua na kuondoa kinga ya sehemu hiyo. Hata kujipangusa kutoka nyuma kuja mbele kunaleta viini vya choo. Nikamuuliza kuhusu wanaume, maana neno la Mama Stella halikunitoka kichwani. Akasema kulala na mwanamume kunaweza kuuleta ugonjwa huu pia, lakini hata mtoto mchanga na nyanya mzee wanaupata. Mimi sijalala na mtu, Mama. Dawa nimemeza zote.

Jana nikaomba ufunguo. Soja akaanza, "Sista, wapi tena?" Mimi ambaye hata darasani sikuinua mkono, nikamjibu kwa sauti, "Kukojoa! Kuna mwingine anataka kujua?" Soja akanipa ufunguo. Nilipotoka chooni, wenzangu walikuwa wamejipanga mstari mlangoni, kila mmoja akingoja zamu yake.

Kwa hiyo naomba usiniite nyumbani. Nisalimie Papa, nyanya na kaka yangu mdogo. Shangazi msomee barua hii yote, polepole. Kama alivyoitembeza habari ile ya kwanza, aitembeze na hii.

Ni mimi binti yako, nikiwa na kikombe cha maji mkononi,
Amoit