Kidonge Ndani ya Chai ya Rubani

Mpendwa mshauri,

Nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana nimefanya jambo ambalo sijui kama ni la kheri au la kujutia, na hapa nyumbani hakuna ninayeweza kumuuliza. Mume wangu ni rubani wa ndege za abiria, anakaa kiti cha kulia, yaani ndiye msaidizi wa kapteni, na baba yangu mzazi aliendesha mabasi ya masafa marefu mpaka alipostaafu, kwa hiyo tangu tuoane hao wawili wanataniana kuhusu nani dereva wa kweli, baba humwambia, "Mkwe wangu, huko juu huna hata gari la kulipita, unashindana na nani?" na mume wangu hucheka, mambo yanaishia hapo. Sasa wiki iliyopita baba alikuwa anasafiri kwenda kumwona shangazi, mara yake ya kwanza kupanda ndege, na alichagua siku hiyo kwa sababu mkwe wake ndiye aliyekuwa zamu, akawatangazia watu wote kuanzia kinyozi wake mpaka fundi wa viatu, akachonga ndevu, akavaa koti. Asubuhi ile mume wangu akaamka na mafua, si homa wala nini, mafua ya kawaida tu, pua imeziba na sikio moja limeziba, akapiga simu kazini akasema leo siwezi, akaitwa mwingine, na baba tayari yuko njiani kwenda uwanjani. Amekaa kwenye kiti, mkanda kaufunga, anasikia marubani wanatajwa kwenye kipaza sauti, na majina yote mawili hayajui.

Alipofika akanipigia. "Mumeo ananidharau au ni mvivu. Chagua moja, mimi nitakubali lolote." Nikamweleza habari za mafua. Akasema, "Hiyo ndege si inajiendesha yenyewe? Yeye kazi yake kukaa. Mafua yanamzuia mtu kukaa? Mimi niliendesha basi na malaria, nikaona barabara mbili, nikachagua ya kulia, na tukafika." Mama, ambaye yuko kwangu mpaka baba arudi, alikuwa anasikiliza, akasema taratibu, "Safari hiyo mimi nilikuwa kiti cha nyuma yako, na huyu binti yako nimempakata. Hukuniambia." Baba akasema mtandao mbaya, akakata.

Ili mambo yazidi kuharibika, kaka yangu alipita hapa siku hiyohiyo alasiri, akamkuta shemeji yake anaosha gari, akampelekea baba taarifa moto moto, na baba akanipigia tena kuuliza ni mafua ya aina gani haya yanayoweza kuosha gari. Amesema asipomwona mkwe wake kwenye ndege ya kumrudisha, hatakanyaga tena kwangu, na mume wangu naye amesema hataomba radhi kwa kuugua. Ndege ya kumrudisha baba ni ya Jumamosi na mume wangu yumo kwenye ratiba kama atakuwa amepona, kwa hiyo nikaenda duka la dawa nikanunua dawa ya mafua iliyo kali, na kwa kuwa yeye hamezi kidonge chochote mpaka amuulize daktari wa kazini, nikasaga nusu nikaitia kwenye chai yake ya jioni, na tangawizi nyingi juu yake. Nimefanya hivyo jioni mbili. Analala kama gogo, pua imefunguka, na leo asubuhi ameniambia, "Nadhani nimepona, nitawapigia niwaambie narudi." Je, niendelee mpaka Jumamosi, au nimekosea kumtibu mume wangu mwenyewe? Na kwa kweli natamani kujua, kazi ya rubani hasa ni nini, mbona baba naye anaongea kama mwenye haki?

Mke wa Rubani

*

Binti yangu,

Barua yako haikusubiri foleni. Niliposoma habari za chai nilikupigia simu kwa namba uliyoiandika chini, na ya kwanza niliyokuambia unayakumbuka: mwambie mumeo leo hii, kabla hajapiga simu kazini, na umwonyeshe pakiti ya dawa. Mengine ninayaandika hapa kwa ruhusa yako, maana wewe si mtu wa kwanza kumponya mumewe kwa siri, na maswali yako ni mazuri, yanastahili majibu.

Tuanze na sikio. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna kichumba chenye hewa, na kijia chembamba kinachofika kooni. Ndege inapopanda na kushuka, mgandamizo wa hewa ndani ya ndege hubadilika, na kijia hicho ndicho kinachosawazisha mambo. Ukipiga miayo sikio likalia "po", ndicho kimefunguka. Mwenye mafua kijia chake kimevimba. Akishuka kutoka juu, ngoma inavutwa ndani, maumivu yanakuja kama mtu anachokoa kwa msumari, na wengine kichwa huzunguka mpaka hawajui juu ni wapi na chini ni wapi. Na hayo humjia lini? Wakati wa kushuka kwenda kutua, saa ambayo kazi ya rubani ni nyingi kuliko zote. Gari unaliosha ukiwa umesimama chini. Kaka yako mwambie hivyo, na umwambie pia apunguze kupeleka taarifa.

Baba yako anasema ndege inajiendesha. Upo mtambo wa kushika njia, ni kweli, lakini mtambo huo hufuata ulichoambiwa na mtu, na mtu huyo ndiye anayeangalia kama ulichoambiwa bado ni sahihi. Marubani ni wawili si kwa sababu mmoja ni wa akiba. Mmoja anaendesha, mwenziwe anamwangalia yeye, anaangalia vipimo, anaongea na watu wa chini, na akiona kosa anatakiwa aliseme, hata kama anayekosea ni kapteni mwenye mvi. Mwangalizi mwenye usingizi ni sawa na kiti kitupu, tena ni afadhali kiti kitupu, maana kapteni angekiona.

Sasa nije kwenye chai, na hapa sitakubembeleza. Nilimuuliza daktari anayewapima marubani, akaniambia dawa nyingi za mafua za aina uliyonunua huleta usingizi, na uzito wake hubaki mwilini hata baada ya mtu kujiona mzima. Ndiyo maana mumeo huuliza kwanza. Lakini hilo si kosa lako kubwa. Kila siku, kabla rubani hajaizunguka ndege kukagua matairi na mabawa, anajikagua mwenyewe: nimelala, naumwa, nimemeza nini? Hakuna anayeweza kumjibia maswali hayo. Mumeo alijikagua kwa uaminifu akasema amepona, na hakuwa amepona, ni nusu kidonge kilichokuwa kinaongea. Ulikuwa unakaribia kumpandisha mumeo kwenye ndege, na baba yako akiwa nyuma yake, kwa kipimo ulichokichezea wewe jikoni.

Najua hukutaka ubaya. Ulitaka wanaume wawili unaowapenda wapatane, na ukachagua njia fupi. Umenieleza kwamba ulipomwambia alimpigia daktari wa kazini, akaondolewa kwenye ratiba ya Jumamosi, na kwamba tangu siku hiyo anajitengenezea chai mwenyewe. Mwache ajitengenezee. Usimnunie na usimsihi. Siku akikuachia tena birika utajua umesamehewa, na hapo umtilie majani na sukari, basi.

Imebaki habari ya baba. Usimtumie kaka, usimwandikie ujumbe. Jumamosi nendeni uwanjani nyote wawili kumpokea. Mumeo avae shati la kawaida, achukue begi la mkwe wake, asitoe hotuba. Kuomba radhi kwa kuugua hapana, yuko sahihi. Lakini anaweza kusema, "Baba, pole kwa kunikosa," hilo halimpunguzii kitu.

Hata kama ameapa, kwako atakuja tu, maana lazima amchukue mama. Mkifika nyumbani, mama akiwa hapo, wewe ndiye wa kumuuliza. Wewe ulikuwa abiria wa basi lile, ingawa hulikumbuki. Mwambie, "Baba, siku ile ulipoona barabara mbili, kama kungekuwa na dereva mwingine wa kupigiwa simu, ungetaka mimi na mama tupande basi la nani?" Kisha nyamaza umsubiri. Atakuwa amekaa sebuleni kwako, na hapo mtandao hauwezi kuwa mbaya.