Mizani Bado Inaning'inia Puge

Mama Rustika, shikamoo. Miaka yote nimesoma safu yako nikiwacheka wanaokuandikia mambo ya ndoa, leo zamu yangu imefika, na shida yangu si ndoa, ingawa mke wangu Leonia anasema itafika huko nisipotulia.

Mimi ni mnunuzi wa choroko na dengu hapa Nzega, kazi nimeirithi kwa baba, nina malori na nina watu wanaoninunulia vijijini, kila mmoja na mizani yake ya kuning'iniza, mkulima anakuja na gunia lake tunapima, na bei naisema mimi. Kwenye malori nimeandika KIRANGOZI, kwa sababu babu wa babu yangu alikuwa kirangozi, yule anayetangulia msafara wa wapagazi kwenda pwani, na nyumbani bado tunasimulia kwamba kila alipofika njia panda alikata tawi la majani akalilaza kwenye njia isiyofuatwa, ili wanaokuja nyuma na mizigo wasipotee. Sasa serikali imesema mazao haya yauzwe ghalani, kwa mnada, kupitia ushirika, na mimi nikawaambia watu wangu kwamba huo ni upepo tu, utapita, kaeni na mizani zenu, basi wakakaa, na msimu umefika upepo haujapita.

Juzi nikaenda mnadani Puge kuchungulia, nimeishusha kofia usoni, nikakuta magunia yamepangwa hadi karibu na bati na wakulima wamejaa uwanja mzima, watu ambao nimewapimia mmoja mmoja tangu ujana wangu. Mzee Silasi, mmoja wao, akanitambua, akanisalimu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, bosi. Karibu ukae, leo tunasikiliza wote," na hakusema kwa kejeli, alinisogezea nafasi kwenye benchi. Bei ya juu iliyotolewa na wanunuzi ikasomwa, mwenyekiti akauliza kama wanauza, nikasikia njiwa wakitembea juu ya bati, kisha wote kwa pamoja, wanawake kwa wanaume, wakasema, "Hatuuzi." Mama, sikukasirika. Mwili ulinisisimka, machozi yakanilengalenga, maana miaka yote hiyo nilikuwa nasikia sauti ya mtu mmoja mwenye gunia moja, sikujua kwamba wakisema pamoja inakuwa sauti kubwa namna ile.

Nikitoka nikapita kwa Asnath, anayetununulia hapo Puge tangu enzi za baba, nikamkuta kibandani, mizani inaning'inia haina kitu. Akaniuliza, "Bosi, tuendelee kusubiri?" Nikamjibu tutaongea. Wenzangu wananishawishi tununue kwa kificho, Leonia anasema niende mnadani kama wanunuzi wengine, na mimi usingizi umenipaa, kwa sababu nikizishusha mizani nitawatazamaje hawa walionisubiri, na nitaanzaje kujifunza kazi upya na mvi hizi? Nisaidie, mama.

Ezekia, Nzega

Marahaba, mwanangu Ezekia. Nimeisoma barua yako nikaiacha mezani, nikatoka kutembea kidogo hapa Mtendeni, kwa sababu ya hilo "Hatuuzi." Lilinishika hata mimi ambaye sikuwepo. Wengine wakilisikia wanarudi nyumbani wakitukana, wewe ulilengwa na machozi. Ndiyo maana naona bado unafundishika, mvi au bila mvi.

Sasa acha nikuseme. Jina la babu umelipaka rangi kwenye lori, kazi yake umeiacha. Umefika njia panda, umeshaiona njia iliyokufa kwa macho yako, halafu umesimama pembeni na kuwaacha wenye mizigo waendelee kuifuata. Mwanamke amekuuliza swali la ndiyo au hapana, ukamwambia mtaongea. Usijidanganye kwamba ulimhurumia. Uliogopa, na hofu yako ukamwachia yeye akae nayo kibandani.

Habari ya kununua kwa kificho sitaki kuisikia tena. Siku ya kukamatwa, atakayekutwa na mizani mkononi ni Asnath, wewe utakuwa Nzega unakunywa chai.

Utaniambia labda mwakani serikali itageuza tena utaratibu. Huenda, mimi sijui na wewe hujui. Lakini wale watu wameshaisikia sauti yao, na hakuna tangazo litakalowasahaulisha. Hata mizani zikirudi, bei hutaisema tena peke yako.

Msikilize Leonia. Jiandikishe mnadani, kaa kwenye lile benchi la mzee Silasi na ujifunze. Nenda kwa viongozi wa ushirika ukaulize wakulima wa mbali wanafikishaje magunia ghalani, maana wewe una malori na yamelala. Kisha waite watu wako wote, uwaambie nani unaweza kwenda naye na nani huwezi, waziwazi, kabla mvua hazijaanza, ili asiye na nafasi kwako awahi shamba lake. Usiwapambie maneno.

Ila kabla ya yote hayo, Puge. Usipige simu, nenda mwenyewe, mchana, watu wakiona. Asnath anakuita bosi, lakini ni mkubwa kwako, mpe shikamoo yake kwanza. Umwombe radhi, halafu uishushe ile mizani kwa mikono yako. Mkishaifunga, kata tawi la majani mabichi, ulilaze mlangoni pa kibanda, na atakayekuja na gunia lake atajua aelekee ghalani.