Chokaa Kule Juu, Chokaa Kule Chini

Kariuki rafiki yangu,

Viazi vimechimbwa. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ambalo ungeniuliza kabla hata ya kunijulia hali. Vipande vyote vinane vya shamba lako la Gatitu vimevunwa, mavuno yakapimwa kwa mizani yako, na hakuna gunia lililoingiliana na jingine.

Ulituacha wiki moja kabla ya kupanda. Siku chache baada ya mazishi, mkeo, Mama Nyokabi, aliniletea daftari lako, akasema uliagiza hivi: "Nikishindwa, mpe Mwalimu. Huyo hawezi kupoteza hata nukta." Nililipokea kwa fahari. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, nami nataka ulisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Unajua nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote, na siwezi kuona kitu kimekaa ovyo nikakiacha. Nilifungua ukurasa wa mpango. Ulitaka kujaribu mambo matatu: samadi, chokaa, na mbegu iliyochipuzwa. Kila moja liwepo au lisiwepo. Ndiyo maana vipande vikawa vinane, kila namna ya kuyaunganisha ikiwa na kipande chake. Na kwa kuwa shamba lako lina udongo mwekundu juu na mweusi kule chini karibu na mto, ukaligawa mara mbili, vipande vinne juu na vinne chini. Hadi hapo nilikuelewa. Lakini juu uliweka vipande vyenye kitu kimoja tu, pamoja na kile chenye vyote vitatu. Chini ukaweka vyenye viwili viwili, pamoja na kile kisicho na chochote. Niliona ni sentensi isiyo na upatanisho. Nilidhani ugonjwa ulikuwa umekuzidi nguvu.

Basi nikakusahihisha. Kwa kalamu nyekundu, Kariuki. Kwenye mpango, chokaa yote niliipeleka chini, vipande visivyo na chokaa vikabaki juu, kisha nikaenda shambani nikahamisha vigingi na kunyoosha kamba. Vilipendeza kama darasa siku ya ukaguzi.

Mama Nyokabi alisimama ukingoni na debe la mbegu. "Ati umenyoosha? Sasa Mwalimu, hii chokaa ikishinda, tutajuaje kama si hiyo udongo nyeusi imeshinda?"

Nikamjibu, "Udongo huo mweusi."

"Haya, udongo huo mweusi. Lakini tutajuaje?"

Nilikuwa nimesahihisha ngeli nikaliacha swali.

Akanieleza ulivyomfundisha jikoni, ukipanga viazi mezani. Ardhi ikiwa haitoshi vipande vyote vinane kukaa kwenye udongo mmoja, lazima swali moja lichanganywe na tofauti ya udongo, lisipate jibu. Kazi ya anayepanga jaribio ni kuchagua lile ambalo hasara yake ni ndogo. Wewe ulikuwa umelichagua: kama vitu vyote vitatu vikikutana vina jambo la ziada ambalo viwili viwili havina. Mimi, kwa unadhifu wangu, niliokoa hilo na kuitoa mhanga chokaa, ambayo ndiyo hasa wakulima wa kikundi chetu walikuwa wakiisubiri. Tungewashauri uongo, tena kwa mistari iliyonyooka.

Kuchanganya! Nilikukemea mara ngapi kwa neno hilo? Siku moja ulisema swali "litachanganywa na udongo," nami nikakuambia aliyechanganyikiwa ni wewe. Ukacheka mpaka ukakohoa. Laiti ningekuacha umalize maelezo siku ile... Lakini sikukuacha.

Tulirudisha vigingi alasiri ile ile, Mama Nyokabi akishika upande wa pili wa kamba. Chokaa ilikuwa bado imo guniani, ashukuriwe Mungu.

Sasa jibu lako. Kule juu, vipande viwili vyenye chokaa vimevishinda viwili visivyo nayo. Kule chini, vivyo hivyo. Samadi nayo imesaidia pande zote mbili. Mbegu iliyochipuzwa haikuonyesha tofauti ya kutajika. Nasikitika, kwani najua ulivyoipenda. Nilipokisomea kikundi matokeo, jirani yako mmoja aliuliza, "Na mtu akiweka zote tatu?" Nilimjibu kwamba hilo hatulijui, na kwamba wewe ulikubali tusilijue msimu huu. Niliwaambia pia kwamba vigingi viliwahi kuhamishwa, na aliyevihamisha ni nani. Wakaanza kuulizana chokaa wataipata wapi. Hapo nilijua umeaminiwa.

Nyumba yako ina utulivu ambao sijauzoea. Hakuna anayeniita Mwalimu kwa kejeli ile yako.

Pumzika, ndugu yangu. Mvua zijazo tutapanda tena vipande vinane, na nitachanganya na udongo swali jingine, lile la jinsi samadi na mbegu zinavyosaidiana, ili hili la vyote vitatu lipate zamu yake. Nakuahidi mpango huo Mama Nyokabi ataukagua kwanza, nami sitagusa kigingi mpaka awe amemaliza kuuliza maswali yake, kwa ngeli yoyote atakayopenda.

Rafiki yako,
Mwalimu